Ufunguo wa Nyumba Namba Tatu

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Shule zimefungwa. Nimefua soksi jozi tisa na mguu mmoja usio na mwenzake. Mvua tangu saa nane. Kamba ya nguo imehamia jikoni, tunapika tukiinama.

Barua ya Mama imefika kutoka Kisumu kwa mkono wa kondakta. Ameandikiwa na mtoto, herufi kama kuku wamepita. Amepimwa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Jicho moja atapasuliwa tarehe ishirini na nne. Daktari hakumpa uhakika. Anataka kuwaona wajukuu kabla.

Mwisho wa barua kuna swali. Omondi huamka vipi?

Sijui. Mimi huwaamsha kwa kelele kutoka jikoni, na wakinifikia wameshavaa. Nafundisha hesabu watoto arobaini na sita wa watu wengine, na sijui wangu anaamka vipi.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeamua kuliandika hili jambo lote nilione kwenye karatasi.

Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Hata usiku mmoja. Akilala, watoto ndio wanaoumia: chira, balaa ambayo hospitali haina dawa yake. Siamini sana. Wala sitajaribu.

Kwa hivyo Mama huja Eldoret kwa basi la asubuhi na kurudi kwa basi la saa tisa. Mara nne kwa miaka minane. Mara moja basi lilimwacha, akalala kwa jirani yetu Mama Wambui, dukani, nyuma ya magunia ya unga. Asubuhi alisema aliwasikia watoto wakiamka. Ukuta wa mbao, unasikia kila kitu. Kuwaona hakuwaona.

Na sisi hatuwezi kwenda kulala kwake, kwa sababu hana kwake. Nyumba yake ya kijijini ilianguka kwa mvua mwaka aliozaliwa binti yangu Akoth. Kaka yangu aliye Mombasa hutuma ahadi ya mabati kila Krismasi. Mama anakaa kwa dadake, chumba kimoja, pamoja na wajukuu wanne wa huyo dada. Hao anawajua mmoja mmoja. Yule huamka analia, yule huomba uji kabla hajafungua macho. Wangu anawajua wakiwa wamevaa viatu.

Omondi aliitwa Omondi kwa sababu alizaliwa alfajiri. Ana miaka minne. Nyanya yake hajamwona asubuhi hata moja.

Inaniuma. Nilidhani nikiandika itapungua.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekutana na Mwalimu Jepkorir sokoni akichagua kabichi. Binamu yake, Bwana Kiptoo, ni meneja wa hoteli moja ya zamani kule juu msituni, mwendo wa saa moja kwa gari. Walikuwa wakilala Wazungu wa mashamba. Vijumba vya magogo, kila kimoja peke yake, na jiko la kuni ndani ya ukuta. Siku hizi wanachukua familia. Watoto wana vitanda vya kupandana, mmoja juu mmoja chini. Wanapewa maziwa na mayai, na kuna farasi mzee wanayeruhusiwa kumshika pua.

Nilicheka. Mtu ana nyumba hapa mtaani Langas, alipe akalale kwingine?

Halafu nikaacha kucheka. Nimefika nyumbani bila kabichi.

Swali ni hili. Kijumba cha kukodi usiku mmoja ni nyumba ya nani? Ya aliyejenga? Amekwisha rudi Ulaya. Ya anayelipa? Ya anayeshika ufunguo?

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemwuliza Baba Akoth. Amesema nisimwingize. Baadaye, akipiga viatu rangi, akaniuliza: mtu akilazwa hospitali, na mama mkwe wake akalazwa wodi ya pili, wamelala nyumba moja? Nikasema hapana. Akasema basi. Nikamwambia hospitali si hoteli. Akarudi kwa viatu.

Lakini amefikiri. Nimeona.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada nimemfuata Mzee Ogola. Ni mzee wa kanisa, na alipika kwa hoteli za Wazungu miaka ishirini. Nilijua nikitafuta mtu anayejua mila na hoteli pia, ni yeye tu.

Amenisikiliza huku macho ameyafumba. Nikadhani amelala. Kisha:

"Hoteli, mwenye nyumba ni yule jina lake liko kwa kitabu. Wakubwa wakija kuangalia wageni, wanauliza kitabu. Hawaulizi nani alilipa."

Kwa hivyo Mama aandikwe nyumba yake, na mimi na watoto tuwe wageni wake. Baba Akoth aandikwe nyumba nyingine, mbali, asitie mguu kwa Mama. Mkwe naye halali kwa mama mkwe wake.

Rahisi hivyo. Nilitaka kumkumbatia Mzee Ogola. Nimempa mkono tu.

Jumatano, 12 Agosti

Jibu la Mama, kwa mdomo wa kondakta, mbele ya abiria wote. Atakuja Jumamosi aione hiyo nyumba. Hajasema atalala.

Namjua. Akisema "nitaona", mara nyingi ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Nimeosha sweta zote.

Jumamosi, 15 Agosti

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Mama amefika na basi la asubuhi, mkoba mweusi kwapani. Amekonda. Anawashika watoto uso na kuuleta karibu kabisa, pua kwa pua, ndipo anatabasamu. Sikujua macho yamefikia hapo.

Baba Akoth ameazima Pijo ya rafiki yake wa kiwandani. Mama amekaa nyuma yake hasa, wasije wakatazamana kwenye kioo, leso hadi kwenye nyusi. Njia nzima wamezungumza kupitia kwangu.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

Mita moja kati yao. Akoth amecheka hadi akapata kwikwi. Kwenye matope ya kupanda msitu gari liliteleza, na hapo Mama alimwambia mwenyewe moja kwa moja apige breki. Wote wawili wakajifanya halikutokea.

Tumefika saa tisa, mvua ya mawe. Bwana Kiptoo alitupokea mlangoni, tai shingoni, picha ya Rais nyuma yake. Omondi midomo imekuwa ya buluu. "Madam, sign hapa haraka, watoto wanapata baridi." Kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Baba Akoth alishasaini ya kwake, namba saba, akakimbilia mizigo. Nami nikasaini namba tatu, nikachukua ufunguo, tukakimbia.

Kijumba kizuri. Magogo meusi, moto umeshawashwa, vitanda vya kupandana na ngazi ndogo. Watoto walipanda kabla sijafunga mlango. Mama alisimama nje chini ya paa, mkono kwenye mwimo wa mlango. Akauliza, pole pole.

"Umeandika jina la nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka.

Niliandika Bi. Okello. Jina la mume wangu, kama ninavyosaini rejista ya darasa kila asubuhi kwa miaka minane. Wiki nzima nimepiga hesabu ya jambo hili, halafu mkono umeandika wenyewe.

Ningeweza kusema uongo. Hawezi kusoma, na hata angeweza, macho hayamruhusu. Nilifikiria uongo huo, na siwezi kudai ilikuwa kidogo. Watoto walikuwa wanacheka ndani. Lakini ningelala vipi?

Nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alitoa mkono kwenye mwimo, akasema yeye atakaa kwenye kiti pale kwa meneja mpaka kuche. Akaanza kutembea kwenye mvua, miguu ikitafuta njia. Niliuchukia mkono wangu. Nilimchukia hata Bwana Okello, na yeye hakukosa lolote.

Bwana Kiptoo alikataa kufuta. "Hiyo haiwezekani, madam. Hii kitabu inaangaliwa. Ukifuta jina, watasema tumeficha mtu. Na namba tatu haiwezi kuwa na watu wawili wenyewe." Nilibembeleza. Nikapandisha sauti, ya darasani. Sikufua dafu. Vyumba vingine vimejaa, kuna harusi.

Mama alikuwa ametulia kwenye kiti, maji yakimchuruzika. Kumbe alikuwa anasikiliza. Akaomba asomewe mistari ya juu ya kitabu, vile inavyoandikwa. Bwana Kiptoo akamsomea. Jina, kutoka wapi, namba ya nyumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

"Saa ya kutoka," Mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Basi huyo Bi. Okello ametoka. Andika ametoka. Mimi ndio naingia."

Bwana Kiptoo akasema huyo madam ameingia dakika ishirini tu zilizopita.

"Hakupenda nyumba," Mama akasema.

Aliuza njugu soko la Kisumu miaka thelathini. Kibanda chake kilibaki na jina la baba yangu muda mrefu baada ya baba kufa, na ni yeye mwenyewe aliyewafuatafuata makarani wa soko mpaka wakachoka. Ameniambia baadaye: hawafuti, wanaandika chini yake.

Kwa hivyo kitabuni imeandikwa, Bi. Okello, aliingia saa tisa na dakika kumi, alitoka saa tisa na nusu. Chini yake, kwa mwandiko wa Bwana Kiptoo: Mama Dorina Achieng', mjane, wa Kisumu, nyumba namba tatu. Na alama ya dole gumba, nyeusi na nzuri. Alipouliza kazi ya mgeni, Mama alisema mfanyabiashara.

Ufunguo nilimkabidhi pale pale. Alitembea mbele. Alifungua mwenyewe, kwa kupapasa, akachukua muda wake wote, na sisi tumesimama kwenye mvua kama wageni. Akaingia. Kisha akageuka, akasema karibuni.

Baba Akoth alileta kikapu cha chakula. Amekiweka chini mlangoni, akapiga hodi, akakimbia kabla hatujafungua. Mtu mzima, fundi wa mitambo, anakimbia kama mwizi wa mahindi. Nampenda sana leo.

Jumapili, 16 Agosti

Mama ameniamsha kwa kunigusa tu. Alfajiri, baridi ya kukata masikio. Analalamika kwamba kulikuwa na kitu hai miguuni mwake. Ni mpira wa maji moto, wanauweka kitandani kwa kila mgeni. Alikuwa ameuvumilia tu, hakutaka kumwaibisha mwenye kuuweka. Kisha akakumbuka mwenye nyumba ni yeye, akaupiga teke.

Alikuwa amevuta kigoda hadi kitanda cha chini, uso wake shubiri moja kutoka kwa uso wa Omondi. Sijui alianza lini kukaa hapo. Nikakaa sakafuni. Nilitaka kuona pia.

Mwanga ulipita dirishani polepole. Omondi alifungua macho bila kujisogeza hata kidogo. Hakulia. Alitazama mbao za kitanda cha juu kwa muda, akihesabu au akifikiri. Kisha mkono ukashuka sakafuni kutafuta viatu. Ulipovipata, akatulia. Hapo ndipo akageuka, akakuta uso wa nyanya yake umejaa dunia yote. Hakushtuka. Akamshika pua, kama alivyomshika farasi jana jioni mvua ilipokatika.

Akoth, kule juu, aliamka akiongea. Sentensi iliyokatikia usingizini, kitu kuhusu daraja na ng'ombe, akaendelea nayo macho yamefumba, akidai jibu.

Mama alicheka hadi akajipangusa macho kwa leso. Akaniambia, bila kugeuka, "Huyu wa juu ni wewe. Uliamka hivyo mpaka ukaolewa."

Sikujua. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeniambia. Nimelia, na sikujificha.

Kupitia dirishani tulimwona Baba Akoth kwenye baraza ya namba saba, blanketi mabegani, kikombe mkononi, akitazama upande wetu. Mama akaniuliza anafanya nini. Nikamwambia anakunywa chai peke yake. Akasema nimpelekee mayai mawili, na nimwambie yametoka kwa mama mkwe wake, nyumbani kwake.

Jumanne, 18 Agosti

Kazi za kawaida. Matope ya msituni hayatoki kwenye viatu. Mama Wambui anataka kusikia habari ya mpira wa maji moto kwa mara ya tatu.

Jumatatu, 24 Agosti

Leo ndiyo siku. Nimechoma ugali. Hakuna simu ya kupiga popote.

Alhamisi, 27 Agosti

Barua mbili.

Ya kwanza, Bwana Kiptoo, imepigwa chapa. Anaomba kwa heshima ufunguo wa nyumba namba tatu, ambao haukurudishwa mgeni alipotoka.

Ya pili, Mama, herufi zile zile za kuku. Amepasuliwa. Jicho limefungwa kitambaa, kitafunguliwa wiki ijayo, ndipo watajua. Maumivu si mengi. Ufunguo uko chini ya mto wake. Anasema hakuuiba, hakuona sababu ya kumwachia mtu mwingine. Wagonjwa wa wodi yake wameambiwa kwamba ana nyumba milimani, na wawili wameomba kumtembelea.

Mwisho wa barua, swali lile. Omondi ameamka vipi?

Nimemjibu leo hii. Asubuhi sikupiga kelele. Nilikaa kando ya kitanda na kikombe changu. Aliamka kimya, akatazama dari, akatafuta viatu, akavipata. Halafu akaniuliza kama bado tuko kwa nyanya.