Viwavi wa Ntoto

Ntoto, 4 Septemba 2024

Mwanangu Byukusenge,

Salamu nyingi. Kikohozi cha mjukuu wangu Evode kimepungua? Mimi ni mzima. Rezo ya simu hapa hakuna, kwa hiyo nampa motari karatasi hii ailete kwa pikipiki yake. Mama Astrid, aliyenipokea, amenipa shamba kando ya msitu. Njoo na mtoto kabla vita havijafika kwenu, tulime pamoja. Ila mti mkubwa wa pale shambani umejaa viwavi weusi, wana manyoya ya njano. Unawajua?

Mama yako, Murekatete

Nyamitaba, 15 Septemba

Mama mpenzi,

Tuko wazima, Evode anakimbiza ndama mchana kutwa. Hao ni ndugu za wale waliotumalizia mahindi! Usiwahurumie. Washa moto wa majani mabichi chini ya mti, wakianguka waponde. Mizigo tumeshafunga.

Binti yako

Ntoto, 2 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Mwili wangu ni mzima, moyo hapana. Mama Astrid alinikuta nikiponda, akaketi chini palepale. "Mama, hii njo nyama yetu! Tulikuwa tunangoja ishuke yenyewe. Sasa batoto batakula nini?" Sisi wafugaji, watu wa maziwa ya ng'ombe, nani kwetu aliwahi kula kiwavi? Niliomba msamaha hadi sauti ikakauka. Yeye hakunitukana, lakini wakubwa wa ukoo wake wamelichukua shamba. Nalala kanisani. Usije kwanza. Ngoja nipate mahali.

Mama yako

Nyamitaba, 20 Oktoba

Mama,

Pole sana. Mimi ndiye niliyekuambia uwaponde, na inaniuma. Mizigo tumeifungua. Risasi zinasikika upande wa Rubaya, lakini tunangoja neno lako. Evode anauliza kama viwavi huliwa na ugali. Nimemwambia bibi yake sasa ni fundi wa mambo hayo.

Binti yako

Ntoto, 18 Novemba

Mwanangu,

Habari za huko? Nimecheka, kisha nimelia. Mama Astrid amenisemea kwa wakubwa, nimepewa shamba lingine. Njooni upesi!

Mama yako

Ntoto, 11 Januari 2025

Byukusenge,

Nakusalimu, popote ulipo. Hujajibu. Watu wa Nyamitaba waliofika jana wanasema nyumba yetu iko wazi, hakuna muntu. Niliogopa kuuliza zaidi. Mlikuwa mmefunga mizigo, nami nikawaambia mngoje. Hilo linaninyima usingizi, mwanangu. Usihangaike na barua ndefu. Andika jina la Evode tu, niuone mwandiko wako.

Mama yako