Kwa Mkwe Wangu Fundi Viatu, Aliyekwenda Kliniki Siku Isiyo Yake

Ni mwaka mmoja sasa tangu kiti chako kifupi cha kazi kibaki kitupu pale barazani, mkwe wangu. Tumekiacha palepale. Nyundo ipo, kopo la gundi limekauka, na ndala zako ziko chini ya meza. Watu walikutania sana kwa ndala hizo. "Fundi viatu gani huyu anavaa ndala?" Nawe ukijibu, "Viatu ni vya wateja. Miguu yangu imenenepa kuliko mwenyewe."

Ilivimba kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Lakini mtu akileta kiatu na uso wa huzuni, hukumrudisha hivi hivi. Ulimkalisha, ukamwuliza linalomsibu, ukaomba naye nyundo ikiwa mkononi. "Mungu hapangi watu foleni," ulikuwa ukisema, "ongea naye sasa hivi." Mimi dirishani nikichambua mchele nilijiuliza, mtu anayeumwa hivi furaha hii anaitoa wapi? Nilihisi kuna kitu.

Nikaanza kukuchunguza. Kadi yako ya kliniki ilisema Jumanne. Niliisoma mwenyewe, herufi kubwa naziona. Sasa Ijumaa ulikuwa unakwenda wapi, umenyoa ndevu, na shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola? Nilimwuliza mwanangu, mkeo. Akasema, "Mama, anakwenda kuwatia moyo wagonjwa." Wagonjwa gani hao wanaotaka shati la pasi? Nikaendelea kutazama.

Halafu nikaona viatu. Begi lako lilikuwa wazi mezani, na ndani yake viatu vya kike, vya bluu, vimefungwa kwenye gazeti. Mwanangu ana mguu mdogo kama wa mtoto. Vile vilikuwa vipana kama mitumbwi.

Nilimwuliza jirani. Nilimwuliza mama muuza mkaa. Niliwauliza akina mama wa kanisani baada ya maombi ya Jumatano, na kule kuuliza ndiko kulikokuwa kusema. Niliuliza watu wote isipokuwa wewe. Mama mkwe atamwuliza vipi mkwewe jambo kama lile? Nawe kila asubuhi ulinisalimu vilevile, "Shikamoo Mama, miguu inaendeleaje?" Hata salamu hiyo niliishuku. Miguu yangu anaitakia nini?

Siku ya maziko yako mwanamke mmoja mnene alilia kupita kiasi. Nikatazama chini: viatu vya bluu. Nikambinya jirani, "Si nilikwambia?"

Miezi mitatu baadaye yule mwanamke akaja nyumbani, mumewe amemshika mkono. Sikuwapa viti. Akasema, "Bibi, miguu yangu ilivimba nikakata tamaa, kliniki nikaacha. Fundi akaniambia, 'Dada, naumwa ugonjwa wako huohuo. Lete viatu nivipanue, tutembee pamoja mpaka Bwana mwenyewe aseme basi.'" Mume akaitikia kwa kichwa. Niliwauliza maswali mengi, maana labda walishapanga maneno yao njiani.

Ijumaa iliyofuata nikaenda mwenyewe. Nesi wa dirisha la kadi alicheka, kisha akafuta macho. "Yule fundi? Tulimfukuza mara mbili. Tulimwambia siku yako ni Jumanne! Akatujibu, 'Jumanne nakuja kuuguzwa, Ijumaa nakuja kazini.'"

Kwenye benchi mzee mmoja alivua kiatu anionyeshe alama yako ndani ya kisigino: mishono miwili ya uzi mwekundu. Dereva aliyekaa karibu naye akavua chake. Mara benchi zima limevua viatu, kila mtu anasema, "Na changu, Bibi, tazama na changu." Nikatazama vyote. Moyoni nikasema haya, lakini uzi mwekundu si unauzwa kila duka?

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikakaa kitandani, nikavua viatu vyangu vyeusi vya kanisani. Hivyo navyo kuna wakati vilikuwa vikinibana mpaka machozi, halafu vikaacha. Nilimshukuru daktari kwa dawa yake ya miguu. Wewe ulikuwa ukivipiga rangi kila Jumamosi pamoja na vya watoto, sikuuliza zaidi. Nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Cha kushoto, mishono miwili. Cha kulia, mishono miwili.

Ndivyo viatu nilivyovaa nikienda kukusema.

Kwa kuwa nilikushuku mbele za watu, naandika mbele za watu. Akina mama wa Jumatano, someni. Jirani, soma, na umsomee mama wa mkaa. Mkwe wangu alikuwa mtu safi. Niliwaambia uongo, na yeye hakuwahi kuniambia neno baya. Nisamehe, baba.

Siku hizi Ijumaa nakwenda kukaa kwenye lile benchi. Kuomba kwa sauti mbele ya wageni bado sijui, lakini nashika mkono wa aliye karibu, na yule dada wa viatu vya bluu huniwekea nafasi.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wawili, kaka zako na dada yako, watu wa benchi la Ijumaa, na mimi mama mkwe wako. Daima tutakukumbuka.

Miguu inaendelea vizuri, baba.