Doa la Grisi

Masanja, mjukuu na mume wangu,

Marahaba. Hapa Kiseke tu wazima, ila babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Unasema kampuni yenu ya mabasi inakimbiwa na abiria, nawe umepewa kazi ya kuchambua kila hatua ya huduma, lakini kila idara inakuapia kwamba haina kosa. Mimi nawaamini wote.

Nilipokuwa binti nikikata tiketi stendi ya Buzuruga, mama mmoja aliyekuwa akienda harusi ya mwanawe aliketi kwenye basi letu, akainuka na doa la grisi kwenye gauni lake jeupe. Hakutukana. Alishuka, akapanda basi la wenzetu.

Bosi akataka kumfukuza muosha magari.

"Bosi, niliosha mpaka viti!" akalia. Fundi naye akaapa kwamba gari lake halina tatizo.

Kesho yake nikalifuata basi tangu linaingia. Likaoshwa, likang'aa. Kisha fundi akapanda na ovaroli lake lenye grisi kukaza viti vilivyolegea.

Hatukununua kitu. Tukaanza na fundi, tukamalizia na maji.

Kwa hiyo toka ofisini, mume wangu. Shinda siku nzima na basi moja.

Yule mama alirudi baadaye. Kabla ya kuketi alipapasa kiti, akakitazama kiganja chake. Aliendelea hivyo kila safari, miaka yote, ingawa kiti kilikuwa safi.

Bibi yako anayekuwaza,
Bibi Kabula