Pembe Iliyokunjwa

Mtwara, Jumanne. Usiku wa manyunyu, lakini joto halijapungua.

Dada Agnesi,

Hamjambo nyumba nzima? Mafunzo yangu ya ukutubi yanaendelea. Leo mama mmoja wa Msimbati amerudisha kitabu cha hadithi alichokuwa ameazima binti yake Zuhura, aliyefariki mwezi uliopita. Nilikipokea kama tunavyofundishwa: nikapangusa jalada, nikanyoosha pembe ya ukurasa iliyokunjwa, nikakifunga.

Ndipo akasema, "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Nisomee kuanzia alipoishia. Amepakunja."

Nilipekua, nikakuta kurasa nyingi zina mikunjo ya wasomaji wengine. Nikamwambia ukweli, kwamba pembe ya Zuhura nimeinyoosha na sasa siijui ni ipi. Akavuta kiti.

"Basi anza mwanzo. Nyumbani hakuna anayenisubiri."

Ukumbini hatusomi kwa sauti, lakini Bi Salma, mkutubi mkuu, aliniashiria nisome. Wanafunzi waliokuwa wakijisomea wakaweka kalamu chini. Tumeishia sura ya pili, na kesho atakuja tena.

Nibusie mwanangu Neema, umwambie mama yake anamwaza sana. Sasa ni saa tano usiku, nalala.

Mdogo wako,
Tumaini