Udongo wa Nasri kwenye chetezo changu

Jumamosi, Ghubra. Unyevu mtindo mmoja, vioo vya madirisha vinatoka jasho, na pazia za sebuleni bado zinanuka moshi wa jana. Mjukuu wangu Ruqayya anataka kuzifua. Nimemkataza.

Nnaandika mwenyewe kioja changu, kabla jirani yangu Bi Zuwena hajakitangaza Maskati nzima.

Mjukuu wangu Nasri, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea mie tangu hajaota meno. Alikwenda Skotlandi kusomea ufundi wa mitambo, akamaliza, akapata kazi kwenye kiwanda cha wiski, kisiwani huko. Niliposikia nikamwambia asikanyage kwangu mpaka aiache. Mwaka wa nne huu. Kichwa kigumu. Karithi kwangu.

Juzi mwenzake aliyekuja likizo kaniletea kifurushi chake. Ndani mna bonge jeusi, kavu, jepesi, limefungwa vizuri kwa karatasi. Barua hamna. Nikasema huu udi, mtoto ananiomba radhi. Sasa bonge jeusi kama lile mtu wa hapa alidhani nini?

Jana baada ya sala ya Ijumaa walikuja wageni. Halua wakala, kahawa wakanywa, nikamega kipande nikakitia kwenye makaa ya chetezo, nikakipitisha kila mmoja ajifukize nguo na nywele. Na kujitapa juu: udi wa Nasri huu, kautoa mbali.

Ukatoka moshi mzito, unanuka kuni mbichi, mwani, na ile dawa ya vidonda ya hospitali. Bi Zuwena akaziba pua kwa mtandio.

"Shoga, mjukuu wako kakuletea udi au kakuletea jiko?"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikacheka nao. Roho iliniuma.

Walipoondoka nikamwamrisha Ruqayya, dada yake Nasri, ampigie simu amuulize. Mie sisemi naye. Nikakaa karibu tu.

Kumbe udongo. Wanauchimba kwenye mabwawa yao, majani na mizizi iliyooza tangu zama za mababu. Wanaukausha, wanauchoma chini ya shayiri iliyoroweshwa, moshi unaingia ndani ya punje na hautoki tena. Halafu shayiri inasagwa, inachachuliwa, inapikwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba na mvuke unakingwa, kama wanavyotoa marashi ya waridi kwenye milima yetu ya Jabal Akhdhar. Kinachotona ni kikali na hakina rangi. Wanakitia kwenye mapipa ya mwaloni, wanakiacha miaka kumi, na zaidi. Ukali unapoa, rangi inaingia kutoka kwenye mbao, moshi unabaki. Na kila mwaka kidogo kinapaa hewani, pipa linapungua na hakuna aliyeonja.

Yeye fundi wa mitungi ile, hanywi. Hilo nnamsadiki, uongo hajui.

Kisha akamwambia dada yake, "Mwambie Bibi anuse tu. Ndiyo harufu ya nguo zangu siku hizi."

Nikainuka nikaenda jikoni.

Alipokuwa mdogo, akirudi skuli, kabla sijamsalimu nilikuwa nnamnusa utosi. Jua, jasho na chaki. Kumbe anakumbuka.

Leo asubuhi nimejifunika pazia usoni, mtu mzima mie, nnavuta pumzi.

Pombe haramu, na kazi ile siitaki, leo wala kesho. Ruqayya akisahihisha herufi zangu, hapo asipaguse.

Lakini mie si wiski. Kuniweka miaka kumi hakunizidishii utamu. Na kwangu pia kila mwaka kuna kinachopaa: mwaka jana magoti, mwaka huu macho.

Kesho nnampigia mwenyewe. Aje. Ya kazi tutagombana hapa hapa, kakaa mbele yangu, wali uko sahanini, na koti lake la kazini asilifue.