Kichupa cha kaka kwenye boksi la insulini

Shoga, niko hospitali. Unakumbuka sukari ya mama ilivyopanda, tukamsema kutwa kwamba anakula pipi kwa siri?

Hakula kitu. Kaka alificha dawa yake ya misuli ndani ya boksi la insulini kwenye friji. Ile ya kuamsha homoni za ukuaji, aliyouziwa jimu. Na macho ya mama unayajua. Alikuwa anajidunga hiyo.

Daktari anasema yenyewe inapandisha sukari, na insulini mama hakuipata. Hata vidole kumvimba na kufa ganzi ni hiyo hiyo.

Kaka kafika, swali la kwanza: "Kwani amemaliza yote?"

Yote, shoga. Mama yuko kwenye dripu, huyu anauliza yote.

Na mama akamjibu: "Nisamehe mwanangu, sikujua ni yako."