Katungu Amelala Mpaka Asubui

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Katungu wako amelala mpaka asubui, hakunyonya usiku. Naanza na ile kwa sababu najua ungeniuliza mutoto mbele ya vyote. Sasa iko na mwaka moya na miezi kumi, na anagombeza kuku ya jirani kama mama mukubwa.

Bwana yako, bado hatujasikia habari yake tangu aende Manguredjipa kutafuta dhahabu. Donc basi, mutoto iko kwangu, hapa Butembo, pamoja na Paluku yangu. Banapigania kijiko, kisha banalala mukono juu ya mukono.

Siku ile ulienda ku shamba, kule Beni, nyuma ya mutaa ya Ruwenzori, ulisema: "Kavira, ubaki naye kidogo, nilete mihogo. Sitakawia." Katungu alikuwa na miezi munane. Paluku alikuwa anaanza kuacha ziwa, lakini maziwa yangu ilikuwa haijakauka. Saa tisa tukasikia masasi ya waasi kule ku shamba. Jioni banaume bakakuleta mu kikwembe yako ya kujifunga, umefunikwa mpaka uso. Katungu alikuwa analia njaa. Nikakaa chini pale pembeni yako, nikamutia ziwa. Sikuweza kulia, Yaya. Alikuwa anavuta na nguvu mingi, ikanibidi nimuangalie yeye.

Kutoka pale sikumunyima usiku hata mara moya. Unakumbuka tulivyokuwa tunajificha mu migomba mbele ya siku ile, weye na mimi, batoto ku kifua? Ulikuwa unaninong'oneza: "Umupatie ziwa mbele hajalia, Kavira. Mbele hajalia!" Mutoto moya akilia, tunakufa wote. Basi hata tulipokimbilia huku Butembo nikaendelea vile vile. Akigeuka, ziwa. Akikohoa, ziwa. Mara tano, mara sita mu usiku moya. Mchana alikuwa anakataa bugali, anakataa ndizi, na mimi natembea kama mutu wa homa. Siku moya nikaanguka ku soko na beseni ya maharagi ku kichwa.

Infirmière, muuguzi wa kituo ya afya, akaniangalia macho, akasema: "Mama, mutoto mukubwa hivi anaweza kulala bila kula. Mchana umunyonyeshe vile unapenda. Usiku, baba yake amubebe." Nikamujibu kwamba huyu ni wa yaya yangu, hana tena mama. Akanikamata mukono. Kisha: "Njo maana weye unapaswa kubaki muzima."

Nilirudia nyumbani na hasira. Nikamuambia Kasereka, bwana yangu: "Huyu mutoto vita ilimunyanganya vyote, na mimi tena nimunyime?" Akasema: "Hautamunyima kitu. Tutamulalisha tu."

Tukaanza pole pole. Mangaribi, buyi, uji ya mahindi na masoya, mpaka anashiba. Kisha ziwa, taa ikingali inawaka, asisinzie nayo mu kinywa. Mara sita tukaifanya tatu, tatu tukaifanya moya. Kisha Kasereka akamulaza upande wake, mimi nikaenda ku ukuta na Paluku.

Ile usiku ya kwanza bila ziwa, Yaya, alilia! Na mimi nikakaa wima ku kitanda, hapana juu ya huruma tu. Masikio yangu ilikuwa inatafuta vishindo ya viatu ku njia. Nikasema: "Umulete! Batatusikia!" Kasereka alikuwa anatembea naye, anamupigapiga mugongo. "Kavira, hapa hakuna mutu anatutafuta. Umuache alie, niko naye." Mara jirani akagonga ku ukuta. Nikamufunika Paluku na mwili yangu.

"Mama Paluku, mutoto anaumwa?"

"Hapana," nikajibu, "tunamuachisha kunyonya usiku."

"Ah! Pole, Mungu abasaidie." Na akarudi kulala.

Ni ile tu. Mutoto alilia na sauti yake yote, na asubui tulikuwa wote bazima. Niliwagusa moya moya: Kasereka, Paluku, Katungu. Bazima.

Usiku ya pili alilia kidogo. Ya tano aliamuka, akasema "Baba, mayi," akakunywa mu kopo, akageuka. Jana hakuamuka hata mara moya.

Lakini mimi niliamuka. Kifua ilikuwa imejaa, inauma, nyumba yote kimya, hakuna mutu wa kunyonyesha. Pale njo nilikulilia, Yaya. Mara ya kwanza tangu bakulete. Sikufunga kinywa. Kasereka hakuniambia ninyamaze.

Leo asubui Katungu alipanda ku kitanda, akafungua nguo yangu yeye mwenyewe, akanyonya huku anacheka, maziwa ku kidevu. Ile ya mchana sitamunyima mpaka aache mwenyewe. Ananiita mama na mimi naitika, usinikasirikie. Nikimuuliza, "Mama zako ni banani?" anasema "Kavia," kisha anasema "Matika," ulimi bado muzito. Kila siku namuuliza.

Njia ya Beni ikipona, nitamuleta ku kaburi yako. Sitamubeba mu mugongo. Atakuja na miguu yake, akuambie jina yake mwenyewe.

Wasingya, Yaya. Aksanti juu ya mutoto. Ulale. Huku na siye tunalala.

Mudogo yako,
Kavira